"Jumuiya ni ya Biashara Tu" na Mengine Niliyochoka Kuyasikia

Wateja wangu hapa Arusha hupita kila siku mbele ya makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini wakishakaa ofisini ni wimbo ule ule: "Wakili, pale ni mambo ya mizigo na ushuru. Amani ni kazi ya jeshi."

Jumuiya ya kwanza ilikuwa na reli, bandari, ndege na posta kwa pamoja. Ikavunjika 1977, na mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera. Biashara peke yake ilitosha wapi? Ndiyo maana Mkataba wa Jumuiya ya sasa, uliosainiwa hapa hapa Novemba 30, 1999, una Ibara ya 6: ujirani mwema, kumaliza migogoro kwa amani, utawala wa sheria, haki za binadamu.

"Hayo si maneno ya kupamba tu?" Waulize Uganda. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Kampala iliwapa dhamana washtakiwa 14 wa kesi ya uhaini. Askari wenye silaha wakaizingira mahakama, watu wakarudishwa gerezani. Shauri likaletwa Arusha, na Novemba 1, 2007 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ikaamua kuwa Uganda imekiuka utawala wa sheria. Serikali imejibu mbele ya majaji wa nchi jirani jinsi ilivyowatendea raia wake! Mwenye pa kushtaki hana haraka ya kuingia msituni na bunduki.

Ila jamani, Ibara ya 30 ya Mkataba huo inakupa miezi miwili kufungua shauri. Miwili! Watu huniletea bahasha nene ya barua walizomwandikia waziri, mhuri juu ya mhuri, na muda umepita zamani. Kumsubiri waziri hakusimamishi siku. Njoo na barua ya kwanza.

"Mbona Congo bado kuna vita?" Ndiyo, Congo ya Kinshasa iliingia kwenye Jumuiya 2022, na kikosi cha kijeshi cha Jumuiya kikaondoka huko Desemba 2023 vita havijaisha. Wakuu wa Nchi huamua kwa mwafaka, kwa hiyo mmoja akikataa, mambo yamekwama. Hilo silitetei.

"Wageni watachukua mashamba yetu." Itifaki ya Soko la Pamoja, Ibara ya 15, inaiacha ardhi chini ya sheria za kila nchi. Basi.

Na msichanganye mahakama: ile ya kesi za Rwanda ilikuwa ya Umoja wa Mataifa, si ya Jumuiya, na ilifungwa 2015. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo iko hapa mjini, ni ya Umoja wa Afrika. Soma kibao kabla ya kushusha faili.