XCOM 2 na ugomvi wa zamu 8

Kwenye ubao wa drafti, iwe Mwanjelwa au Uyole, kuna aina ya mchezaji ambaye kila kijiwe kinamjua. Akiona mambo yamekuwa magumu anasogeza vizibo vya nyuma. Hashambulii, hajitoi, anangoja mwenzake akosee. Sheria haimkatazi, ila ubao wenyewe una dawa yake: kete za nyuma zikiisha analazimika kusogea mbele, na kwa kuwa kula ni lazima, ngome yake inafunguka.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wote kuhusu XCOM 2, gemu la mbinu ambalo unaongoza kikosi kidogo cha askari dhidi ya wavamizi kutoka angani, zamu yako kisha zamu ya adui. Gemu lilitoka tarehe 5 Februari 2016 kwa kompyuta, likafika PS4 na Xbox One Septemba mwaka huohuo, na mpaka leo ukiwakuta wachezaji wawili wa magemu ya mbinu, Mbeya au Iringa, mmoja atakwambia ni bora kuliko lililotangulia na mwingine atakwambia liliharibiwa na kikomo cha zamu. Misheni nyingi za mwanzo zinakupa zamu 8 za kufika kwenye lengo, ukichelewa umelikosa. Kwa upande wangu kikomo kile ni sahihi. Kosa la Firaxis, waliolitengeneza, lilikuwa kwenye namna walivyokitambulisha, na wanaokilaumu wengi wanacheza hatua nusu bila kujua kwamba hatua nusu ndiyo inayowaua.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. XCOM: Enemy Unknown ya 2012 ilikuwa na tundu moja kubwa. Maadui hukaa katika makundi, na kundi halianzi kupigana mpaka likuone. Likikuona, linapewa hatua ya bure ya kukimbilia kinga, yaani kitu cha kujikinga nyuma yake kama ukuta au gari. Wachezaji wakagundua njia isiyo na hatari: sogeza askari miraba mitatu au minne, mwache avizie, yaani ashike bunduki tayari kumpiga adui yeyote atakayesogea mbele yake. Zamu inayofuata, vilevile. Kundi likijileta lenyewe linapokewa kwa bunduki nne. Misheni inachukua saa nzima, hakuna anayekufa, na hakuna uamuzi wowote wa maana uliofanyika. Ni mchezaji wetu wa vizibo vya nyuma, ila safari hii vizibo haviishi.

Firaxis hawakukimbilia fimbo. Walianza na pipi. Katika nyongeza ya Enemy Within, mwaka 2013, waliweka makopo ya Meld kwenye ramani, yanayojiharibu baada ya zamu kadhaa. Ukiwahi unapata mali ya kuwaboresha askari. Waoga waliyaacha yaharibike. Mtu akipewa kuchagua kati ya faida ya kesho na usalama wa leo, wengi huchagua usalama, hata kama gemu linawachosha. Ndipo kwenye XCOM 2 pipi ikageuka sharti. Jake Solomon, aliyeongoza ubunifu wa magemu yote mawili, alieleza wazi kwamba lengo lilikuwa kuwatoa wachezaji kwenye utambaaji ule.

Sasa hesabu, maana bila hesabu mjadala huu ni kelele tu.

Askari mpya anakwenda karibu miraba 8 kwa hatua moja, na kila zamu ana hatua mbili. Chukua lengo lililo miraba 32 mbele. Akikimbia kwa hatua zote mbili anafika kwa zamu 2. Akitumia hatua moja kamili na ya pili akavizia, anafika kwa zamu 4, na zimebaki 4 za kupigana. Akisogea miraba minne minne na kuvizia, zinamwishia zamu 8 zote bila risasi hata moja kupigwa. Angalia vizuri: kuvizia hakujakatazwa. Mchezaji makini anayekamilisha hatua yake ana nusu nzima ya muda mkononi. Kilichofungiwa mlango ni ile nusu hatua.

Halafu kuna malipo ambayo walalamikaji hawayataji. Misheni nyingi za XCOM 2 unaanza ukiwa mafichoni, kitu ambacho gemu la 2012 halikuwa nacho. Ukiwa mafichoni unaweza kuliona kundi na lisianze kupigana. Kwa hiyo zamu mbili za kwanza ni za kukimbia hatua zote mbili, mradi usikanyage mraba uliowekewa alama nyekundu ya jicho. Kwenye ramani za mjini kumbuka kwamba hata raia anaweza kukufichua, na pia minara ya ADVENT, utawala wa wavamizi. Kikomo na maficho vilibuniwa pamoja, kimoja kinalipia kingine. Anayetambaa akiwa mafichoni amelipa bei na kuacha bidhaa dukani.

Ukilifikia kundi la kwanza, usifyatue ovyo. Weka watatu wavizie, wawili wakiwa mahali pa juu kama inawezekana, na wa nne afungue kwa bomu la mkono. Bomu linapunguza afya pointi 3 hadi 4, na askari wa kawaida wa ADVENT mwanzoni ana 3 au 4 kutegemea ugumu uliochagua. Zaidi ya hayo linabomoa kinga. Waliobaki wanakimbia, na wale watatu wanawapiga. Hapa pana siri ya namba. Kwa kawaida risasi ya kuvizia inakatwa: nafasi ya kupata inazidishwa kwa 0.7, hivyo asilimia 65 ya askari mpya inashuka hadi kama 45. Ukivizia kutoka mafichoni makato hayo hayapo. Ni nafasi moja kwa misheni, itumie kwa kundi linalostahili.

Baada ya hapo kuvizia kunapungua thamani. Kinga nusu inampunguzia mpigaji pointi 20, kinga kamili 40, na kusimama juu kunaongeza 20. Askari wako wa asilimia 65 akimpiga adui aliye nyuma ya kinga kamili ana 25. Akizunguka ubavuni anarudi kwenye 65, pamoja na nafasi nzuri zaidi ya pigo zito. Kwa hiyo hatua ya kuzunguka ina thamani kuliko zamu mbili za kungoja. Kikomo kinakusukuma kufanya kile ambacho hesabu ilikuwa inakwambia tangu mwanzo.

Kosa linaloua timu nyingi chini ya kikomo ni mpangilio wa nani asogee kwanza. Mtu anaona zamu zimebaki 3, anasogeza watatu salama, kisha wa mwisho anamkimbiza gizani, sehemu ya ramani ambayo bado haijaonekana. Kundi jipya linaamka, yeye hana hatua hata moja iliyobaki, na zamu inayofuata ni ya adui. Mfumbuaji wa giza awe wa kwanza kusogea, kwa hatua moja tu, akiwa kwenye kinga. Wengine wapite kwenye miraba ambayo tayari imeshaonekana. Kundi likiamka, unao watatu wenye hatua zote mbili wa kulijibu. Kanuni hii peke yake inaokoa askari wengi kuliko silaha yoyote utakayotengeneza mwezi wa kwanza.

Tena si lazima mtu afike kwa miguu. Specialist, askari wa ufundi, anadukua kwa kutumia Gremlin, droni yake, akiwa mbali, mradi alione lengo; mara nyingi hilo ni kama kupewa zamu mbili za ziada. Misheni ya kuharibu mtambo wa ADVENT inamalizika kwa risasi, hivyo Sharpshooter, yaani mdunguaji, aliye juu ya paa anaweza kuupiga kutoka mbali.

Ni muhimu pia kujua kikomo kikiisha kinafanya nini, kwa sababu watu huogopa vitu viwili tofauti kana kwamba ni kimoja. Kwenye misheni za kudukua au kuchukua kifaa, zamu zikiisha unakosa lengo na zawadi yake, lakini askari wako wako hai. Unaweza kuwamaliza maadui waliobaki au kuita ndege na kuondoka. Kwenye misheni za kumtoa mtu, ndege inaondoka kweli, na atakayebaki nyuma amepotea au ametekwa. Ya kwanza ni hasara ya kuvumilika. Kutupa askari wawili wazoefu kwa ajili ya zawadi ya misheni moja ni biashara mbaya, na hapo ndipo watu wanapolaumu kikomo badala ya kulaumu uamuzi wao.

Nimesema kuna kosa la Firaxis, na sitalificha. Misheni kubwa za hadithi nyingi hazina kikomo. Kuvamia msafara wa mizigo hakuna. Mashambulizi ya ADVENT dhidi ya kambi za raia hayana namba juu ya kioo, ila raia wanauawa kila zamu, kwa hiyo mwendo unatoka kwenye hali yenyewe. Tatizo ni kwamba miezi ya mwanzo ya kampeni imejaa zile za zamu 8, moja baada ya nyingine, wakati askari ni wanne tu, wanakosa sana na hawana uwezo wowote. Mchezaji mpya anakutana na sura ngumu kabla ya kuona sura nyingine. Ongeza ramani zinazopangwa kwa bahati nasibu: leo lengo liko barabarani, kesho liko ghorofani ndani ya jengo lenye mlango upande wa pili, na zamu ni zilezile. Hilo ni lalamiko halali, na wanaolisema hawadeki.

Sababu ya pili ya manung'uniko ni mradi wa Avatar, mpango wa siri wa adui, ule mstari wa vipande 12 unaojaa kwenye ramani ya dunia. Wengi wameacha kampeni wakidhani ukijaa mchezo umekwisha. Haujaisha. Siku zinaanza kuhesabiwa kurudi nyuma, na ukilipua kituo kimoja cha Avatar vipande vinapungua na hesabu inasimama. Kwa hiyo usikimbilie kila kituo kinapotokea. Tunza kimoja unachoweza kukifikia, ukilipue mambo yakibana. Wakati huo huo jenga mapema Guerrilla Tactics School, chumba cha mafunzo kwenye kambi yako. Ukimpata askari wa cheo cha sajini unanunua nafasi ya askari wa tano, ukipata kapteni unanunua ya sita, na watu sita chini ya zamu 8 ni gemu tofauti kabisa na watu wanne.

Ugomvi wa aina hii si mgeni katika ukoo huu. Gemu la kwanza la 1994, kazi ya Julian Gollop, lilikuwa na hitilafu iliyorudisha ugumu kwenye kiwango cha chini kabisa bila mchezaji kujua. Wachezaji mahiri wakalalamika kwamba ni jepesi. MicroProse, kampuni iliyolichapisha, wakajibu kwa kulifanya Terror from the Deep la 1995 kuwa gumu kupita kiasi, na mashabiki wakagawanyika. Lalamiko lilikuwa la kweli, sababu haikuwa waliyoidhani.

Na sehemu ya hasira ya 2016 haikuhusu kikomo kabisa. Gemu lilitoka likiwa zito: kamera inaganda, askari anasimama sekunde kadhaa baada ya kufyatua, kusubiri misheni ifunguke kunachosha. Ndani ya siku chache wachezaji walitoa modi, yaani badiliko linalotengenezwa na mashabiki, ya Stop Wasting My Time iliyoondoa kusubiri huko, na wengine wakagundua kwamba kubonyeza Caps Lock wakati misheni inafunguka kulifupisha muda. Machi 2016 lilitoka sasisho lililopunguza uzito. Saa ya ukutani na idadi ya zamu ni vitu viwili, ila mtu aliyechoshwa na kimoja hukasirikia vyote.

Kwa mwanafunzi wa Iyunga mwenye laptop ya mtumba, vipimo vya chini ni RAM GB 4, kadi ya picha ya GB 1 ya kiwango cha GTX 460 au Radeon HD 5770, na nafasi ya GB 45 kwenye diski. Kadi hafifu ya Intel iliyojengewa ndani haitafika. Kama unafika kwa shida, shusha hadi 1280 kwa 720, zima MSAA utumie FXAA (zote ni njia za kulainisha kingo za picha), punguza vivuli. MSAA ndiyo mlaji mkubwa. Hali ya Ironman, yenye faili moja tu la kuhifadhi, usiichague kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS. Umeme ukikatika wakati faili linaandikwa, linaweza kuharibika, na kampeni yote imeondoka nalo.

Kama umejaribu kwa haki na bado kikomo kinakukera, usikae bila kucheza. Modi ya True Concealment inazuia hesabu isianze mpaka kikosi chako kifichuliwe, na kwangu ndiyo suluhu bora kuliko zote, maana inaacha shinikizo pale linapohitajika. Kwenye nyongeza ya War of the Chosen, ya Agosti 2017, kuna chaguo la Time Turner linaloongeza zamu na Lengthy Schemes linalochelewesha Avatar; yanawashwa unapoanzisha kampeni, si katikati. Nyongeza hiyo pia ina Reaper, askari ambaye kujificha kwake ni kugumu kuvunjika. Mpeleke mbele peke yake, wenzake wabaki nyuma kidogo, na katika zile zamu 8 utakuwa unajua kundi lipo wapi kabla ya mtu wa pili kusogea.