Injini mpya na oili ya sinthetiki: uanze kuitia lini?

Ukiuliza swali hili kwenye gereji za Mwanjelwa, Mbeya, jibu la haraka litakuwa hili: "Bosi, injini mpya hiyo, tuitie oili ya kawaida kwanza mpaka izoee." Ukiuliza izoee mpaka lini, mmoja atakwambia kilometa elfu tano, mwingine elfu kumi. Jibu hilo lilikuwa sahihi kwa injini za zamani, na hata leo ni sahihi kwa injini za aina moja tunazozifungua na kuzifunga hapa hapa Mbeya. Kwa gari lililotoka kiwandani kilometa sifuri si sahihi tena, na mtu aliyelipa mamilioni ana haki ya kuelezwa kwa nini.

Tuanze na oili yenyewe. Oili yoyote ya injini ni mchanganyiko wa oili ya msingi na dawa zinazotiwa ndani yake ili kuosha masizi, kuzuia kutu na kulinda vyuma vinavyosuguana. Sinthetiki na ya kawaida zinatofautiana hasa kwenye oili ya msingi. Ya kawaida husafishwa kutoka mafuta ghafi, na humo hubaki chembe za kila ukubwa, pamoja na mabaki ya nta. Sinthetiki hutengenezwa kiwandani kwa kemia, chembe zake zikitoka na ukubwa unaokaribiana. Ipo pia inayoanzia kwenye mafuta ghafi, lakini hupitishwa kwenye hidrojeni, joto na mgandamizo mkubwa mpaka ikageuka umbo. Mwaka 1999 kule Marekani, Mobil iliilalamikia Castrol kwa kuiita oili ya namna hiyo sinthetiki, na chombo kinachosimamia ukweli wa matangazo kikaona inafaa kuitwa hivyo. Ndiyo sababu madumu mawili yaliyoandikwa neno lile lile dukani yanaweza kupishana sana bei.

Faida ya sinthetiki huonekana kwenye baridi na kwenye joto kali, na sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunavipata vyote viwili. Mwezi wa saba alfajiri, pale Uyole au kule Makete ambako umande huganda ukawa barafu juu ya nyasi, oili nzito huchelewa kupanda kutoka kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, hadi kwenye kamshafti, mhimili unaofungua valvu. Sekunde hizo chache za mwanzo vyuma vinasuguana huku oili haijafika. Gari hilo hilo mchana linapanda Kitonga likiwa na mzigo, au linapandisha barabara ya Chunya kwa gia ndogo, na huko oili inachemka kwelikweli. Oili ya kawaida ikichemshwa hivyo mara kwa mara huungana na hewa, ikawa nzito na kuacha utando mweusi ndani ya injini. Sinthetiki huvumilia zaidi.

Wengi wanadhani sinthetiki maana yake oili nyepesi. Wepesi na uzito unausoma kwenye namba. Kwenye 5W-30, namba iliyo kabla ya W inaeleza jinsi oili inavyotembea kwenye baridi, na ya pili inaeleza uzito wake ikishapata moto, kwenye nyuzi joto 100. Ipo sinthetiki ya 5W-30 na ipo ya 5W-50. Kwa hiyo fundi akikwambia "sinthetiki ni maji mno kwa gari lako", muulize ni namba ipi anayoizungumzia.

Sasa, injini mpya huwa inazoea nini?

Ukipata nafasi ya kusimama karibu na fundi anapofunga injini iliyotoka kuchongwa, omba akuoneshe silinda kabla pistoni hazijaingia. Ielekeze kwenye mwanga. Ukutani utaona mikwaruzo myembamba inayokatizana kama wavu, imepigwa makusudi kwa jiwe la kuhoni (kazi hii mafundi huiita kupiga honi). Pitisha ukucha juu yake, utasikia ukikwaruza kidogo. Mikwaruzo hiyo ina kazi mbili: mabonde yake hushika oili, na vilele vyake husagwa na ringi hadi ringi na ukuta vikakubaliana, pasibaki pa kupenya moshi wala oili. Kusagana huko ndiko mafundi wanakoita kuzoea, na sehemu kubwa hufanyika mapema, ndani ya kilometa mia chache za mwanzo.

Kinachoibana ringi ukutani si uspringi wake peke yake. Petroli au dizeli inapoungua juu ya pistoni, gesi huingia nyuma ya ringi na kuisukuma nje. Pasipo mzigo, msukumo huo ni mdogo. Hapa ndipo lilipo kosa ambalo ningependa lifutike kabisa: kumaliza ovaholi, yaani kuifungua injini na kuifunga upya, kuiwasha na kuiacha inguruma uani kutwa nzima "ili ilainike". Injini hiyo hailainiki. Ringi hazibanwi vizuri, oili inapita, inaungua juu ya ukuta wa silinda, na mikwaruzo ile inajazwa utando mgumu unaong'aa. Ikishafika hapo, gari litatoa moshi wa buluu na kula oili hata ungeitia ya bei gani. Dawa ni kufungua tena.

Basi tuje kwa magari yetu.

Gari la kilometa sifuri. Huko kiwandani silinda hupigwa honi kwa hatua, na hatua ya mwisho hukata vile vilele virefu, ikabaki sehemu bapa yenye mifereji ya kushikia oili. Kazi ambayo zamani mwenye gari aliimaliza barabarani, mashine imeshaifanya kwa sehemu kubwa. Viwanda vingi vyenyewe hujaza sinthetiki tangu siku ya kwanza. Chevrolet Corvette ilianza kutoka na Mobil 1 ndani yake mwaka 1992, na leo magari mengi ya kawaida yanaelekezwa kutumia 0W-20 au 0W-16, namba ambazo oili ya kawaida haiwezi kuzifikia ipasavyo. Kwa gari hilo hakuna siku ya kuhamia sinthetiki. Ama tayari ipo ndani, ama kitabu cha gari kinaruhusu uitie huduma ya kwanza inapofika. Ukiitoa 0W-20 na kujaza 40 nzito ili "izoee", unaipa oili ambayo haikutengenezewa, na ukileta madai ya waranti unaweza kuulizwa ni nani aliyekuruhusu.

Wala usiwahi kuimwaga oili ya kiwandani kwa wasiwasi. Honda, kwa mfano, huwaambia wenye magari waiache hadi muda uliopangwa. Kama kitabu chako kinasema urudi kilometa 1,000, rudi 1,000. Kikisema mbali zaidi, subiri.

Kinachotaka uangalifu zaidi ya oili ni namna unavyoliendesha. Vitabu vya Toyota vinasema kwa kilometa 1,000 za kwanza usikimbize sana, usikanyage mafuta ghafla, na usikae mwendo mmoja kwa muda mrefu. Mtu wa Mbeya anayekwenda kulichukua gari lake Dar es Salaam ana zaidi ya kilometa 800 za kurudi nalo nyumbani. Karibu safari yote ya kuzoea inakwisha ndani ya siku moja au mbili! Kwa hiyo safari hiyo usimwachie dereva wa kukodi anayewahi kurudi. Badilisha mwendo kila mara, punguza hadi 70, panda 90, usiliache kwenye namba moja saa nzima pale kwenye nyoofu za Mbarali. Vibao vya mwendo vya Mikumi na kona za Kitonga zitakusaidia zenyewe. Na usifunge tela.

Injini iliyofanyiwa ovaholi. Hii ndiyo "injini mpya" ambayo mafundi wetu wanaijua kuliko zote: 3L ya Hiace, 1HZ ya Land Cruiser, injini ya Canter. Bloku imetobolewa au imetiwa silivu mpya, kranki imechongwa, ringi na beringi mpya. Honi imepigwa kwa mkono au kwa mashine ya mtaani, na vilele vya mikwaruzo bado ni virefu. Hapa nakubaliana na fundi: anza na oili ya kawaida. Wapo wanaosema sinthetiki huteleza mno hata ringi zisikae. Neno hilo lina ukweli kwa honi ya gereji, ingawa huwa linakuzwa kupita kiasi. Sababu inayonishawishi zaidi ni ya mfukoni. Oili ya mwanzo itajaa unga wa chuma, mabaki ya jiwe la honi na vipande vya gundi ya gasketi, na lazima uimwage mapema. Kwa nini umwage oili ya bei mbaya?

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Tia oili ya kawaida ya daraja ambalo injini hiyo inaelekezwa, washa, hakikisha taa ya oili imezimika na hakuna panapovuja, kisha lipeleke barabarani siku hiyo hiyo. Kupanda na kushuka kati ya Mbalizi na Uyole kunatosha: kanyaga kwa wastani kwenye mlima, achia kwenye mteremko ili injini ijivute yenyewe. Mzigo mzito bado. Baada ya kilometa 500 hivi, mwaga oili na filta yake. Shika tone mbele ya jua juu ya karatasi nyeupe. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida. Ukiona vipande vinavyometameta unavyoweza kuvihisi kwa vidole, simamisha gari umwite aliyeifunga. Rudia oili ya kawaida mpaka kilometa 2,000 au 3,000. Pima kwa kijiti kila wiki, gari likiwa limesimama tambarare na injini imezimwa dakika chache. Oili ikiacha kushuka, injini imekaa, na hapo sinthetiki inaruhusiwa. Kwa Hiace inayolala nje Njombe au lori linalopanda Kitonga kila wiki, fedha hiyo utaiona. Kwa gari linalotembea mjini polepole na linamwagwa oili kila kilometa 5,000 bila kukosa, oili nzuri ya kawaida inatosha, na sitamlaumu mtu akibaki nayo.

Mtumba wa Japani. IST au Noah iliyofika juzi tunaiita mpya, lakini injini ilishazoea miaka mingi nyuma. Haina cha kusubiri. Fungua boneti usome kifuniko cha oili. Mara nyingi kimeandikwa 5W-30 au 0W-20. Desturi yetu ni kuimwaga na kujaza 20W-50 kwa hoja kwamba Afrika ni joto, na anayesema hivyo amevaa koti zito la Mbeya. Injini za VVT-i (mfumo wa Toyota unaobadilisha muda wa valvu kufunguka) husogeza kamshafti kwa nguvu ya oili inayopita kwenye vijia vyembamba vyenye kichujio chake. Oili nzito au chafu huchelewesha kazi hiyo, na gari likakosa nguvu bila sababu inayoonekana.

Hofu ya kwamba sinthetiki huvujisha ina mzizi wake. Zile za mwanzo, miaka ya 1970, zilifanya baadhi ya sili za mpira zisinyae. Dawa za siku hizi zimeshalitatua hilo. Kinachotokea leo ni kwamba sili imechakaa, uchafu ndio uliokuwa umeziba, na oili inayosafisha vizuri ikauondoa. Kama gari limekaa na oili mbovu miaka kadhaa, lisafishe taratibu: tia sinthetiki, halafu badilisha oili na filta mapema, baada ya kilometa 2,000 hivi, badala ya kungoja muda kamili. Kurudi kwenye oili ya kawaida baadaye hakuna kizuizi, na ukipungukiwa njiani Makambako ukaongezea ya aina nyingine yenye alama ya API (alama ya Marekani ya ubora wa oili), injini haifi. Umepunguza tu ubora wa ile ya kwanza.

Bodaboda msifuate kanuni hizi bila kusoma dumu. Klachi ya pikipiki nyingi huogelea kwenye oili ile ile ya injini, kwa hiyo tafuta iliyoandikwa JASO MA, alama ya Japani ya oili inayofaa klachi ya namna hiyo, iwe sinthetiki au la. Ya gari inaweza kuifanya klachi iteleze.

Na kama ulishatia sinthetiki kwenye injini iliyotoka ovaholi jana? Usiimwage kwa hofu. Endesha kwa kubadilisha mwendo, pandisha milima kwa wastani, pima oili kila kilometa 500. Ringi zinaweza kuchelewa kidogo kukaa, lakini zitakaa kama honi ilipigwa sawasawa. Vitabu vingi vya Toyota huweka kikomo cha lita 1 kwa kila kilometa 1,000. Ukishavuka kilometa 3,000 na gari bado linakula zaidi ya hapo, tatizo haliko kwenye dumu. Dai kipimo cha kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), silinda moja moja, na uandikiwe namba za kila silinda kabla hujakubali kufungua tena.