Je, wajua kwa nini Luteni Jenerali ni mkubwa kuliko Meja Jenerali?

Meja anampita Luteni kwa ngazi mbili. Katikati yao yupo Kapteni. Kwa hiyo mtu akisikia Meja Jenerali na Luteni Jenerali, hesabu humjia yenyewe: Meja yuko juu. Kumbe ni kinyume. Jeshi la Marekani, kwa mfano, humvika Luteni Jenerali nyota tatu na Meja Jenerali mbili.

Kosa hutokana na kulichukulia neno "luteni" kama jiwe la mizani, kwamba popote litakapowekwa lina uzito uleule. Neno hili limetoka Kifaransa: lieu ni mahali, tenant ni anayeshika. Luteni ni mshika nafasi, na hana maana mpaka uulize: nafasi ya nani? Linafanya kazi kama "naibu". Naibu waziri na naibu mwalimu mkuu wote ni manaibu, lakini hakuna anayewapima pamoja. Luteni mtupu alishika nafasi ya kapteni wa kombania (kikosi cha askari mia moja hivi), Luteni Kanali nafasi ya kanali, Luteni Jenerali nafasi ya jenerali. Kila mmoja yuko hatua moja tu chini ya mkuu wake.

Wapo wanaojitetea kwamba "meja" kwa Kilatini ni "mkubwa zaidi". Kweli, ila mkubwa kuliko nani? Kuliko masajini wenzake! Meja wa leo ni Sajini Meja aliyedondosha jina la kwanza njiani.

Katika majeshi ya Ulaya ya karne ya 17, kila ngazi ilikuwa na kamanda, mshika nafasi wake, na sajini wa kupanga safu na kusimamia utaratibu. Kombania: kapteni, luteni, sajini. Rejimenti, yaani kombania kadhaa pamoja: kanali, luteni kanali, sajini meja. Jeshi zima: jenerali, luteni jenerali, sajini meja jenerali. Sajini ni wa tatu kila mahali. (Hata "jenerali" lilianza kama kivumishi tu, "wa wote".)

Uingereza mwaka 1645, chini ya Thomas Fairfax, kamanda wa jeshi la Bunge, Oliver Cromwell alikuwa Luteni Jenerali wa wapanda farasi, na Philip Skippon Sajini Meja Jenerali wa askari wa miguu. Mwaka 1655 Cromwell, sasa akiwa mtawala, alipoigawa nchi katika mikoa ya kijeshi, waliokabidhiwa waliitwa Meja Jenerali tu. Neno "sajini" halikufutwa kwa siku moja. Lilififia, na kwa muda majina yote mawili yalitumika.

Sajini Meja tunayemjua sasa ni mtu mwingine: hana kamisheni (hati ya kuwa ofisa), na Luteni Usu, ofisa wa ngazi ya chini kabisa, aliyehitimu juzi anampita kwa cheo, japo si kwa uzoefu.

Wafaransa wenyewe, waliotoa neno "luteni", wamejiepusha na utata wote. Majenerali wao huitwa kwa kikosi wanachostahili kuongoza: jenerali wa brigedi, jenerali wa divisheni.