Je, wajua kwa nini saa 10,000 angani hazimhakikishii rubani kazi ya safari ndefu?

Fungua daftari la safari la rubani yeyote, utakuta kurasa zimegawanywa kwa safu nyembamba: tarehe, kiwanja alikotoka, kiwanja alikofika, aina ya ndege, namba yake ya usajili, muda wa safari. Pembeni zimebanwa safu nyingine ndogo ambazo mgeni huzipita bila kuziona. Ni safu za kuruka na kutua, mchana na usiku, na ndani yake mara nyingi kuna tarakimu moja tu, au sifuri.

Kwa miaka mingi nikiona ukurasa kama huo, macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye jumla ya saa kule chini. Niliamini kwamba mashirika yanayovusha watu bahari usiku kucha hupanga maombi ya kazi kwa jumla hiyo: mwenye saa nyingi juu, mwenye chache chini. Siyo hivyo, na kosa hili wanalo watu wengi, hata wanaoifuata fani hii kwa karibu.

Masharti ya msingi hayana fumbo. Chini ya viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lililotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944, leseni ya juu ya rubani wa mashirika ya ndege hudai angalau saa 1,500. Kuna cheti cha afya cha daraja la kwanza, ambacho mtu mwenye miwani anaweza kukipata, kinyume na uvumi uliozoeleka. Kuna Kiingereza cha ngazi ya 4 au zaidi kwenye mizani ya ngazi 6. Umri wa mwisho katika safari za kimataifa za kibiashara, kwenye ndege ya marubani wawili au zaidi, ni miaka 65. Mwombaji akitimiza haya amevuka kizingiti, na hapo ndipo msomaji wa maombi anapoanza kuuliza zile saa zina nini ndani.

Kwa nini aulize? Tazama ajali mbili.

Usiku wa tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air, safari namba 3407, ilianguka karibu na Buffalo, Marekani. Walikufa watu 50, mmoja wao akiwa ndani ya nyumba iliyoangukiwa. Usukani ulipotikisika kuonya kwamba mbawa zinakaribia kushindwa kuibeba ndege, rubani aliuvuta kwake wakati alitakiwa kuusukuma mbele. Familia za waliokufa zilipigania mabadiliko, na kuanzia 2013 hata rubani msaidizi katika mashirika ya abiria ya Marekani anatakiwa kuwa na saa 1,500, isipokuwa baadhi ya waliotoka jeshini au kwenye vyuo vilivyoidhinishwa. Lakini rubani mkuu wa safari 3407 alikuwa na saa zaidi ya 3,300, na msaidizi wake zaidi ya 2,200. Wote wawili wangeitimiza sheria hiyo mpya bila shida. Ni haki kusema pia kwamba mabadiliko hayakuishia kwenye saa: mafunzo ya kuiokoa ndege inayopoteza ubebaji yaliongezwa, na kanuni za mapumziko ya marubani ziliandikwa upya. Ndiyo maana ni vigumu kusema ni kipande gani hasa kimeleta usalama zaidi.

Ajali ya pili inahusu safari ndefu yenyewe. Tarehe 6 Julai 2013, Boeing 777 ya Asiana Airlines kutoka Seoul iligonga ukuta wa bahari ikikaribia kutua San Francisco. Kati ya watu 307, watatu walikufa. Aliyekuwa akiongoza alikuwa na saa karibu 9,700 maishani, lakini kwenye 777 alikuwa na 43 tu, na alikuwa bado mafunzoni chini ya mwalimu. Hali ya hewa ilikuwa safi. Mtambo wa ardhini unaoionyesha ndege mteremko wa kushukia ulikuwa umezimwa kwa sababu ya ujenzi, hivyo ndege ilipaswa kushushwa kwa macho. Mwendo uliotakiwa ulikuwa noti 137, yaani maili 137 za baharini kwa saa. Uliporomoka hadi karibu 103 huku marubani wakidhani mtambo wa kudhibiti nguvu za injini unaushikilia.

Saa 9,700 si mchezo. Ndizo zilizonifanya nianze kupiga hesabu.

Chukua saa 900, kiwango cha juu ambacho kanuni za Ulaya zinamruhusu rubani kuruka katika mwaka wa kalenda. Rubani wa safari fupi, za saa moja na nusu, atafanya safari 600 kwa saa hizo. Ndani ya chumba wapo wawili na hupokezana kuongoza, kwa hiyo kwa mkono wake atatua mara 300 hivi. Sasa zipeleke saa zile zile 900 kwenye safari za saa 16. Zinatoka safari 56. Safari ndefu namna hiyo huhitaji marubani wanne ili wapate kulala kwa zamu, na ndege hutua mara moja tu, hata wangekuwa kumi. Gawanya 56 kwa 4, unapata 14. Mara 14 kwa mwaka mzima! Ni hesabu ya karatasi, kwa sababu ratiba halisi huchanganya safari za urefu tofauti na si kila mtu hufikia saa 900. Hata hivyo pengo kati ya 300 na 14 haliwezi kuzibwa na ratiba.

Fikiria manahodha wawili. Mmoja anaendesha kivuko, kutwa anakwenda ng'ambo na kurudi, na kila safari lazima akisogeze chombo gatini, apime mkondo, apunguze mwendo, afunge kamba. Mwingine anavuka bahari kuu kwa wiki tatu, na katika wiki hizo anaingia bandarini mara moja. Ukiwauliza wamekaa baharini siku ngapi, watakupa jibu moja. Ukiwauliza wamefunga gati mara ngapi, hawakaribiani. Na huyu wa bahari kuu si mzembe wala hakosi ujuzi: anajua dhoruba, mafuta, uchovu wa mabaharia, na namna ya kuamua jambo akiwa mbali na msaada wowote. Ana ujuzi mkubwa wa aina nyingine.

Kutua kwenyewe ni kazi ya sekunde chache zenye mengi ndani yake. Kwenye Boeing 747, ndege ikiwa imesimama chini, macho ya rubani yako karibu mita 9 juu ya ardhi. Ndege inapokaribia kugusa, sauti ya mashine humhesabia futi: hamsini, arobaini, thelathini, ishirini, kumi. Katika hesabu hiyo anainua pua kidogo, anapunguza nguvu za injini, na kama kuna upepo wa ubavuni anaunyoosha mwili wa ndege ulingane na mstari wa katikati. Akiinua mapema, ndege inaelea na kuimaliza njia ya kurukia. Akichelewa, inajibamiza. Ndege nyingi kubwa zinaweza kutua zenyewe, lakini mitambo hiyo ina mipaka yake, hasa ya upepo, na sehemu kubwa ya kutua bado hufanywa kwa mkono.

Ndipo inakuja kanuni ya siku 90. Ili aongoze ndege yenye abiria, rubani lazima awe ameruka na kutua angalau mara 3 ndani ya siku 90 zilizotangulia, kwenye aina hiyo ya ndege au kwenye simuleta iliyoidhinishwa, yaani chumba kinachoiga chumba cha marubani na kuchezeshwa na miguu ya mitambo. Rudi kwenye zile 14 za mwaka: zinakuwa 3 na nusu kwa kila siku 90. Likizo moja, homa moja, au zamu mbili ambazo mwenzake ndiye aliyetua, na rubani mwenye saa 10,000 anakuwa chini ya kiwango. Leseni yake bado ni halali na afya yake ni njema, ila kwa siku hiyo kisheria hawezi kukaa kwenye kiti akaruka na abiria. Anapelekwa kwenye simuleta, anaruka na kutua mara tatu, kisha anarudi kazini. Mwaka 2020, ndege zilipoegeshwa kwa maelfu duniani kote, marubani wengi walijikuta katika hali hiyo kwa mpigo.

Lipo hata jambo la ajabu zaidi, na nililisoma mara mbili kabla ya kuliamini. Cathay Pacific na Qantas zimekuwa kwa miaka mingi na cheo cha rubani ambaye kazi yake ni kukalia kiti ndege ikiwa tayari juu, wenzake wanapolala. Haruki wala hatui. Anavuka bahari mwezi baada ya mwezi, na kutua kwake kunabaki kwenye simuleta. Ana leseni ya urubani, na kwa wengi ndiyo ngazi ya kwanza ya kupanda cheo. Kanuni za kuandika saa za mapumziko hutofautiana baina ya nchi, hivyo madaftari mawili ya safari ile ile yanaweza yasifanane.

Je, mkono husahau? Hapa nilikosea mara ya pili. Nilidhani ni kama mtu aliyezoea kuchapa kwa miaka, kisha akapewa kalamu: vidole vinakuwa vizito, herufi zinapinda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, ulioongozwa na mtafiti wa NASA, uliwaweka marubani wa mashirika kwenye simuleta ya Boeing 747-400 na kuwapunguzia mitambo hatua kwa hatua. Kusoma vipimo na kuishika ndege kwa mkono kulibaki vizuri kwa kiasi kikubwa, hata kwa wasiofanya mara kwa mara. Kilicholegea ni kazi ya akili: kujua ndege iko wapi bila kuangalia ramani ya kompyuta, kukumbuka hatua inayofuata, kutambua kipimo kilichoharibika. Kwa mfano wa kalamu, herufi bado ni nzuri ila mwandishi amepoteza mahali alipofika kwenye sentensi. Marubani waliopimwa walikuwa 16 tu, kwa hiyo nisingejenga nyumba juu ya matokeo hayo. Lakini yanaendana sana na kilichotokea San Francisco, ambako mikono haikukosa nguvu. Kilichokosekana ni jicho kwenye mwendo.

Ukiyajua haya, fomu ya maombi inasomeka vingine. Mara nyingi mwombaji hatoi jumla peke yake. Anaulizwa saa za miezi 12 iliyopita, saa alizokuwa rubani mkuu, saa za ndege za jeti, saa za ndege zinazozidi uzito fulani, na lini aliruka mara ya mwisho. Rubani wa safari fupi mwenye saa 4,000 na kutua mamia kwa mwaka anaweza kuwa na ombi lenye nguvu kuliko mwenye 10,000 aliyekaa miaka mitatu bila kugusa ndege.

Kisha anaitwa kwenye simuleta, pengine ya ndege asiyoijua kabisa. Kutua laini si jambo la kwanza linalotazamwa. Mtahini anaangalia jinsi mwombaji anavyopitisha macho kwenye vipimo mitambo ikizimwa, anavyoona kosa lake na kulisahihisha bila kuhangaika, na anavyozungumza na mwenzake wa kiti cha pili. Kwenye usaili ataulizwa kuhusu siku aliyotofautiana na rubani mkuu na alichofanya. Swali hilo lina historia nzito: kwenye kisiwa cha Tenerife, Hispania, tarehe 27 Machi 1977, Boeing 747 mbili ziligongana kwenye njia ya kurukia na kuua watu 583. Ndege iliyoanza kuruka bila ruhusa iliongozwa na mmoja wa marubani walioheshimiwa kuliko wote katika shirika lake, mtu ambaye si rahisi kumpinga.

Akichaguliwa, na kama ana uzoefu wa kutosha kwenye jeti, mara nyingi mafunzo yote ya ndege yake mpya hufanyika ndani ya simuleta, mpaka mtihani wa mwisho. Siku anapoishika ndege halisi kwa mara ya kwanza, mwalimu yuko kiti cha pili na abiria wameshafunga mikanda nyuma yake. Jioni hiyo, kwenye safu ndogo ya pembeni, ataandika 1.