Kutoka na Mbwa, Dodoma Mpaka Ufukweni: Maswali na Majibu

Likizo ikikaribia napata maswali mengi sana ya watu wa hapa Dodoma wenye mbwa, wengine wanataka tu kumtoa jioni kule Iyumbu au Ntyuka anyooshe miguu, wengine wanashuka pwani na familia na hawana wa kumwachia. Nimeyaweka pamoja yale yanayojirudia na nimeyajibu vilevile ninavyojibu mtu akinipigia.

Swali: Shikamoo daktari. Mbwa wangu tangu mdogo anakaa ndani ya geti tu, nataka nianze kutembea naye asubuhi, nianzie wapi?

Marahaba. Anza na chanjo ya kichaa cha mbwa, kabla hata hujanunua kamba. Mbwa anachanjwa akifikisha miezi 3 alafu anarudia kila mwaka, na hiyo ya kurudia ndo watu wanaisahau, unamuomba mtu kadi anakuletea ya mwaka juzi. Nenda kwa afisa mifugo wa kata yako. Pia kuelekea tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mara nyingi kunakuwa na kampeni za kuchanja, sikiliza matangazo ya mtaa. Kama ni chanjo yake ya kwanza mpe kama wiki 4 ndo umtoe, na dawa ya minyoo apewe hapohapo.

Kamba iwe imara na fupi, mkanda wa shingoni ubane kiasi cha vidole viwili kupita. Siku za mwanzo usiende mbali, zunguka mtaa azoee bodaboda na watoto wa shule, maana mbwa aliyeshinda bandani miaka yote akikutana na mbuzi wa kwanza anapagawa kabisa. Na wewe mwenyewe unapata afya hapo, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, sasa nusu saa na mbwa siku 5 umeshamaliza, wenye presha na sukari mnajua mnavyoambiwa kila siku mtembee.

Swali: Natoka kazini saa 9 alasiri, naweza kumtoa muda huo?

Hapana. Saa 9 jua la Dodoma bado linachoma, hasa mwezi wa kumi na wa kumi na moja kabla mvua hazijaanza, na lami ndo mbaya zaidi maana inashika joto kuliko hewa yenyewe. Weka nyuma ya kiganja chako kwenye lami sekunde 7, ukishindwa kuvumilia basi na nyayo zake zitaungua. Mtoe kabla ya saa 2 asubuhi au kuanzia saa 11 na nusu jioni.

Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anajipoza kwa kuhema ulimi ukiwa nje, kwahiyo joto likizidi anazidiwa haraka sana. Ukiona anahema bila kutulia, mate yamekuwa mazito yanavuta, fizi nyekundu kupita kawaida, anayumba au anatapika, hapo usisubiri kufika nyumbani. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni, kwenye mapaja na nyayo, mpepee na chochote ulichonacho hata kanga, akiwa na fahamu mpe maji anywe kidogo kidogo bila kumlazimisha, alafu mkimbize kwa daktari hata kama ameanza kuchangamka. Joto lake la kawaida ni kama 38 hadi 39, likifika 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Na kumwacha ndani ya gari eti umeshusha vioo kidogo unaingia dukani mara moja, tafadhali sana, mbwa wanakufa hivyo.

Mkirudi mkague katikati ya vidole. Mbigili na miiba ya migunga inajificha hapo, anachechemea siku mbili unadhani ameteguka.

Swali: Juzi tukiwa matembezini mbwa wa mtaani alimng'ata mwanangu mguuni kidogo tu, hata damu haikutoka nyingi. Nimeweka tumbaku. Inatosha?

Mama, haitoshi, ukimaliza kusoma hapa mchukue mtoto muende hospitali leo. Sisemi kukutisha. Virusi vya kichaa cha mbwa viko kwenye mate, kwahiyo swali sio damu ilitoka nyingi au kidogo, hata mkwaruzo wa jino au mate kugusa kidonda kibichi vinatosha kumwambukiza mtu. Virusi vinatembea taratibu kupitia mishipa ya fahamu kwenda kwenye ubongo, inaweza kuchukua wiki hata miezi, na huo ndo muda tulionao wa kuokoa maisha, maana dalili zikishaanza, mtu anaogopa maji, anachanganyikiwa, karibu wote wanafariki na hakuna dawa ya kuwarudisha.

Mtu aking'atwa fanyeni hivi. Osheni jeraha palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, tena dakika 15 za kweli za kuangalia saa, kama bomba halipo mmoja amimine maji kutoka kwenye dumu mwingine aoshe. Msiweke tumbaku, pilipili, mafuta ya taa wala majivu. Alafu hospitali ya karibu kwa chanjo, na wataangalia kama anahitaji ya pepopunda pia. Chanjo ni sindano kadhaa kwa tarehe watakazowapangia, malizeni zote, kuna watu wanachoma ya kwanza wakiona kidonda kimepona hawarudi na hiyo inaniumiza sana kwakweli.

Huyo mbwa kama anajulikana msimuue kwa hasira. Afungwe na kuangaliwa siku 10 na afisa mifugo aambiwe, akiwa mzima mpaka siku ya 10 maana yake siku anang'ata hakuwa na virusi kwenye mate. Lakini mtoto aanze chanjo bila kusubiri hizo siku 10 ziishe, daktari ndo atasema kama isimame.

Swali: Jumamosi naenda mnada wa Msalato kula nyama, nikienda na mbwa kuna shida?

Mwache nyumbani. Pale kuna mbwa wengi wasiojulikana wana chanjo au la, na kuna matumbo na maini yanatupwa. Mbwa akila maini au mapafu mabichi yenye mafuko ya maji anapata minyoo midogo sana, mayai yanatoka kwenye kinyesi yanashika hadi manyoya, mtoto anamshika mbwa anakula bila kunawa, na baada ya miaka anakutwa na uvimbe wa maji kwenye ini. Hata nyumbani mkichinja mbuzi mchemshieni, asile mabichi.

Swali: Tunaenda Bagamoyo wiki moja na mbwa wetu hajawahi kuona bahari. Tujiandae vipi?

Raha sana, ila kuna mambo. Kwanza pita kwa afisa mifugo uulizie kibali cha kumsafirisha na ubebe kadi ya chanjo. Njiani kati ya hapa na Morogoro simameni mara kadhaa anywe na ajisaidie, usimlishe ashibe kabla ya safari maana atatapika.

Mkifika, tatizo la kwanza ni maji yenyewe. Mbwa wa bara akiona maji mengi vile anayanywa, na chumvi ile inamharisha, akinywa mengi inafika hadi kwenye ubongo anaanza kutetemeka na kupata degedege. Beba dumu la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na bakuli, mpe kila baada ya dakika 15 hata kama haombi, akianza kubwia ya bahari mtoe. Mchanga wa saa 6 unaunguza kama lami, nendeni alfajiri au jioni, na ulizeni wavuvi maji yanajaa saa ngapi. Mkimaliza msuuze kwa maji baridi mpaka masikioni na mkaushe, chumvi ikikaukia inamuwasha anajikuna mpaka anatoka vidonda.

Kingine ni samaki waliotupwa ufukweni. Kuna bunju, yule samaki anayejijaza akavimba kama mpira, ana sumu inayolegeza misuli mpaka pumzi inakata. Wavuvi wakimpata mara nyingi wanamtupa hapohapo mchangani. Kamba isitoke mkononi mwako maeneo ya kushushia samaki.

Kinyesi zoa. Minyoo ya safura ya mbwa inaangua kwenye mchanga wenye unyevu na inapenya ngozi ya mtu aliyekaa au anayetembea peku, unaona mstari mwekundu unaowasha unajichora siku hadi siku. Mifuko ya plastiki imekatazwa tangu Juni 2019 kwahiyo beba gazeti na koleo dogo, ukafukie mbali na watu au utupe kwenye pipa.

Alafu Bagamoyo kuna Waislamu wengi, mate ya mbwa ni najisi kwao na mtu anaweza kuwa anaelekea msikitini. Mpishe mapema, fupisha kamba, asimkaribie mtu ambaye hajamwita.

Swali: Tumerudi wiki mbili zilizopita, sasa mbwa wetu hataki kula na jicho moja limeingia ukungu. Nimpe panadol?

Usimpe panadol wala diklofenaki, dawa hizi za watu zinaweza kumuumiza ini, figo na tumbo. Mpeleke leo apimwe damu. Inaweza kuwa homa ya kupe, mwangalie ndani ya masikio na chini ya mkia, ila homa na jicho kuingia ukungu vinaweza pia kuwa ugonjwa wa malale unaoletwa na mbung'o, na mbwa wanaathirika vibaya. Mwambie daktari mlikuwa wapi na wapi, kama mlipita vijiji vya karibu na hifadhi ya Saadani mtajie, asipojua anaweza kutibu kupe peke yake.