Je, wajua kwa nini faili la .jpg linaweza lisiwe JPEG, na Java inalijuaje?

Hii kitu iliniumiza kichwa wiki nzima kipindi natengeneza mfumo wa kupokea picha za pasipoti za wanafunzi. Mzazi anapakia picha, jina lake picha.jpg, kwenye simu yake inafunguka vizuri kabisa, ikifika kwenye seva yangu iliyoandikwa kwa lugha ya programu ya Java mfumo unakufa na NullPointerException, yaani kosa la kujaribu kutumia kitu ambacho hakipo. Nikawa nawaambia wazazi wapige picha upya, kumbe nawasumbua bure, picha zao zilikuwa nzima.

Jina la faili ni lebo tu, kama chupa ya soda iliyotiwa mafuta ya taa. Ukichukua barua.pdf ukaiita picha.jpg, ndani hakuna hata baiti moja iliyobadilika. Wengi wanakimbilia Files.probeContentType, amri ya Java ya kutambua aina ya faili, wakidhani inachungulia ndani, lakini mara nyingi na yenyewe inaangalia hilo hilo jina.

Utambulisho wa kweli uko kwenye baiti za mwanzo. JPEG inaanza na FF D8 FF (baiti tatu zilizoandikwa kwa heksadesimali). GIF inaanza na herufi kabisa, GIF87a au GIF89a, yaani toleo la 1987 na la 1989. Ila mimi naipenda PNG, baiti zake 8 ni 89 50 4E 47 0D 0A 1A 0A na kila moja ina kazi, ile 89 ipo kugundua kama faili limepita njia inayokata biti ya nane ya kila baiti, zinazofuata ni herufi P, N, G, halafu 0D 0A na ile 0A ya mwisho zinakamata programu zinazobadilisha alama za mwisho wa mstari, na 1A ilikuwa inaisimamisha DOS isiendelee kumwaga takataka kwenye skrini mtu akilifungua faili kama maandishi. Waliokaa wakapanga hivi walifikiria sana aisee.

Sasa Java yenyewe. Tangu toleo la 1.4 la mwaka 2002 kuna ImageIO, sehemu yake ya kusoma na kuandika picha, unaandika ImageIO.read(faili) basi. Ndani yake kuna wasomaji kadhaa, kila mmoja anaulizwa hili unaliweza? naye anachungulia mwanzo wa faili, akikataa anaulizwa mwingine. Wote wakikataa, Java haikurushii eksepsheni (taarifa ya kosa), inakupa null, yaani "hakuna kitu", kimya kimya. Eksepsheni inakuja pale msomaji alishakubali halafu akakwama njiani. Kwa hiyo null maana yake simjui huyu, IOException maana yake namjua lakini nimeshindwa kumsoma. Hayo ni mambo mawili tofauti na mimi nilikuwa sijapima null kabisa, ndiyo maana mfumo ulikufa na NullPointerException.

Na zile picha za wazazi? Zilikuwa WebP, aina nyingine ya faili la picha, zilizopewa jina la .jpg. Simu inaangalia baiti kwa hiyo inazifungua, ila Java ya kawaida inasoma JPEG, PNG, GIF, BMP, WBMP na kuanzia Java 9 TIFF, WebP haimo, HEIC ya iPhone nayo haimo. Nikaongeza laibrari ya TwelveMonkeys, WebP zikasomeka. Na ujumbe wa "picha yako ni mbovu" nikaufuta, nikaandika aina hii ya picha bado hatuipokei, maana kumwambia mtu picha yake mbovu wakati ni nzima ni kumkosea.

Usiishie kwenye baiti za mwanzo tu lakini. Mtandao ukikatika katikati, JPEG inakuwa na kichwa kizuri na chini kijivu tupu, na msomaji wa Java mara nyingi hakatai, anatoa onyo tu, ambalo hulioni kama hujaweka IIOReadWarningListener, kipande cha kusikiliza maonyo hayo. Nimeiweka, ikipiga kelele namwomba mtu apakie tena.

Halafu kuna ukubwa. PNG ya rangi moja yenye pikseli 20,000 kwa 20,000 kwenye diski ni kitu kidogo, ila ikifunguliwa kwa baiti 4 kila pikseli inataka GB 1.6 za memori, seva inaanguka na kila mtu anakosa huduma. Ndiyo maana siiti read moja kwa moja siku hizi, natumia ImageIO.getImageReaders kumpata msomaji, namuuliza getWidth(0) na getHeight(0), ambavyo kwa kawaida anavijua bila kufungua picha nzima, zikizidi kiwango nakataa hapo hapo, zikiwa sawa ndo namruhusu asome mpaka pikseli ya mwisho.