Umeme ukikatika, shirika linajua?

Wengi huamini kwamba umeme ukikatika mtaani, shirika la umeme linaona papo hapo. Si kweli. Kituo cha kupozea umeme huona laini kubwa ikijikata. Fyuzi ikiungua kwenye transfoma ya mtaa wenu, mara nyingi hakuna anayejua mpaka mtu apige simu. Kwa hiyo piga, usingoje jirani!

Accra, Ghana, mwaka 2018 watafiti walianza kuchomeka vihisi, yaani vifaa vidogo vinavyotambua kama umeme upo, kwenye soketi za nyumba na maduka. Kila kimoja kina betri, hivyo umeme ukienda bado hutuma taarifa kupitia mtandao wa simu. Kimoja kikikosa umeme, huenda mtu amekichomoa tu achaji simu. Vya majirani vikiukosa kwa pamoja, sekunde ileile, basi umeme umekatika kweli.